Sewa Haji: Tajiri wa Bagamoyo aliyeujua moyo wa mteja

KWA miaka mingi mgonjwa aliyetoka Mtwara kwa rufaa kwenda Hospitali ya Taifa Muhimbili alikuwa na nafasi kubwa ya kulazwa katika jengo la Sewahaji. Ndugu zake nao walilitaja jina hilo kila siku kwenye simu walipouliza hali yake. Ni wachache, hata hivyo, waliowahi kujiuliza Sewahaji alikuwa nani. Wengine hudhani lilikuwa jina la daktari. Wengine hudhani ni jina la mahali.

Sewahaji alikuwa mwenye duka. Jina lake kamili ni Sewa Haji Paroo, na wakati wake hapakuwa na wengi katika pwani hii waliojua zaidi yake namna ya kumfanya mtu mwenye pesa azitoe, tena kwa hiari yake. Leo makampuni makubwa huajiri wasomi wa saikolojia, yaani elimu ya fikra na hisia za watu, ili wawaambie rangi gani ya pakiti itamvuta mteja na bei gani itamlegeza. Sewa Haji hakusoma elimu hiyo. Aliipata dukani, nyuma ya meza ya kupimia vitambaa.

Katika makala hii tunayapitia maisha yake, kwa sababu mbinu zilizomtajirisha bado zinafanya kazi. Zinafanya kazi Mikindani, Msimbati, Kilambo na kila mahali pesa ya korosho inapofika. Mfanyabiashara mdogo ana la kujifunza kwake. Mkulima ana la kujihadhari.

Mtoto wa dukani

Sewa Haji alizaliwa mwaka 1851 katika familia ya Kihindi yenye asili ya Kutch, kaskazini magharibi mwa India. Walikuwa Wakhoja wa madhehebu ya Ismailia. Kama familia nyingi za Kutch, walivuka bahari kwa pepo za msimu wakaja kutafuta riziki katika Zanzibar na pwani inayoitazama. Wazee wake walifungua duka la bidhaa mchanganyiko, na kijana huyo akakulia humo, akaingia katika biashara ya familia akiwa bado mdogo.

Bagamoyo ya wakati huo ilikuwa mlango wa bara. Njia kuu ya misafara ilianzia hapo ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, ambako leo ni Tabora, kisha ikaendelea hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Mwendo wa kutoka Bagamoyo hadi Tabora ni kilometa zipatazo 800, na wapagazi waliukata kwa miguu kwa miezi miwili mitatu, kila mmoja akiwa na mzigo begani. Walikuja pwani na pembe za ndovu. Walirudi bara na vitambaa, shanga na waya.

Ilikuwa vivyo hivyo huku kusini. Kilwa, Lindi na Mikindani zilipokea misafara kutoka upande wa Ziwa Nyasa na bonde la Ruvuma. Mwaka 1866 David Livingstone alishukia Mikindani alipoanza safari yake ya mwisho ya bara, na katika miji hiyo alikuta wafanyabiashara wa Kihindi wakiwa tayari wamejikita. Kwa hiyo maisha ya Sewa Haji si habari ngeni kwa mtu wa Mtwara. Ni habari ya biashara ile ile, ila yeye aliifanya kwa ukubwa zaidi.

Ukweli mmoja hauna budi kusemwa mapema. Biashara ya pembe za ndovu katika miaka hiyo ilikwenda sambamba na biashara ya watumwa, na mtaji wa matajiri wa pwani haukukaa mbali na misafara iliyofanya yote mawili. Tunapojifunza ufundi wa wafanyabiashara wa zama zile, tusisahau walikuwa wakifanya kazi katika soko la namna gani.

Simama pale pesa inapopita

Somo la kwanza katika maisha ya Sewa Haji ni mahali. Bagamoyo haikuwa na bandari nzuri wala mashamba makubwa. Ilichokuwa nacho ni watu waliotoka kulipwa na watu waliokaribia kulipwa, wote wakiwa katika mji mmoja.

Wapagazi, hasa Wanyamwezi, waliingia kwa maelfu katika majira ya misafara. Waliomaliza safari walipokea ujira wao. Waliojiandikisha kwa safari ya kurudi walipewa sehemu ya ujira mapema, nayo ililipwa kwa vitambaa. Mtu huyo alikuwa ametembea miezi kadhaa, amevumilia kiu na njaa, na sasa ana mali mkononi. Nyumbani kuna mke, mama na watoto wanaosubiri kuona ameleta nini. Yuko katika mji wenye vitu ambavyo kwao havipo, naye ataondoka baada ya siku chache.

Mtu wa namna hiyo habishani sana juu ya bei. Moyo wake umeshafungua mkono kabla hajafika dukani. Wataalamu wa leo wanasema mtu aliyepokea pesa nyingi kwa mara moja, baada ya kusubiri muda mrefu, huiona pesa ile kuwa nyepesi kuliko ile anayoipata kidogo kidogo kila siku. Wenye maduka wa Bagamoyo walilijua jambo hilo kabla halijaandikwa kitabuni. Duka lao lilikuwa pale pale pesa ilipopita.

Anachokipenda mteja

Somo la pili ni ladha. Wageni wengi kutoka Ulaya walifika pwani wakidhani watu wa bara wangepokea kitambaa chochote na shanga zozote. Waliumbuka. Kila nchi ilikuwa na mapenzi yake, na mapenzi hayo yalibadilika kama mitindo ya nguo inavyobadilika leo.

Kulikuwa na merikani, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi. Kilipata jina hilo kwa sababu mwanzoni kililetwa na meli za Marekani kutoka viwanda vya Massachusetts. Watu walikipenda kwa uzito na uimara wake. Baadaye viwanda vya Uingereza na India vilipoleta vitambaa vya kufanana nacho, navyo viliuzwa kwa jina la merikani. Jina lilikuwa limeshaingia moyoni mwa mnunuzi, na muuzaji hakuwa na sababu ya kulibadilisha. Kulikuwa pia na kaniki nyeusi, na vitambaa vya rangi na mistari kama barsati na debwani, kila kimoja na watu wake na heshima yake.

Shanga ndizo zilizokuwa ngumu zaidi. Nyingi zilitengenezwa Venice, Italia. Shanga nyeusi zilizopokewa vizuri Ugogo zilikataliwa kwingine. Nyeupe zilikuwa na nchi zake. Nyekundu za aina ya samsam zilipendwa karibu kila mahali, hata watu wakazipa majina ya utani: kuna waliosema ni shanga za kumaliza chakula, na wengine waliziita kifunga mji, kwa kuwa mwanamke akiziona ilisemwa kwamba nyumba nzima hufilisika mpaka azipate. Wanaume wa zama zile waliwatupia wanawake lawama hiyo, lakini wao wenyewe walikuwa hivyo hivyo mbele ya bunduki na vilemba.

Msafiri aliyebeba shanga zisizopendwa alikuwa amebeba mawe. Kwa hiyo alihitaji mtu wa kumwambia nini kinatakiwa wapi, na mtu huyo alikuwa mwenye duka. Hapa pana jambo la kuzingatia. Elimu ya kujua ladha ya mteja ilikuwa bidhaa kuliko shanga zenyewe. Anayejua mteja atapenda nini ndiye anayepanga bei.

Tuna ushahidi wa hayo majumbani mwetu hadi leo. Neno doti, ambalo wakati wa misafara lilikuwa kipimo cha kitambaa cha shuka mbili, ndilo tunalolitumia kwa kanga. Kanga huuzwa jozi. Mama anayehitaji moja tu ya kujifunga anaondoka na mbili, naye haoni kwamba ameongezewa matumizi, kwa sababu ndivyo kanga zilivyo. Tena kila toleo lina maandishi mapya, na maandishi yakimgusa mtu hatafuti tena kasoro ya kitambaa. Hakuna tangazo la redioni linaloshinda mbinu hiyo.

Mteja mwenye haraka

Somo la tatu linapatikana katika kisa kinachojulikana zaidi kuhusu ujana wa Sewa Haji. Mwanzoni mwa mwaka 1871 Henry Morton Stanley, mwandishi wa habari wa gazeti la New York Herald, alifika pwani akiwa na kazi ya kumtafuta Livingstone. Alikuwa na fedha za gazeti na hakuijua biashara ya misafara. Ilimbidi aulize wafanyabiashara Waarabu wa Zanzibar achukue vitambaa vingapi, na akajikuta amenunua pia magunia 22 ya shanga za aina 11 na ratili zipatazo 350 za waya.

Alipovuka kuja Bagamoyo alikosa kitu kimoja: wapagazi wa kubeba hayo yote. Wakati huo huo masika yalikuwa yanakaribia, na kila mtu alijua njia ikishalowa msafara utakwama matopeni. Stanley hakuficha haraka yake. Akapelekwa kwa kijana wa Kihindi wa miaka 20 hivi aliyeweza kupata wapagazi. Katika kitabu chake Stanley aliliandika jina la kijana huyo kwa namna yake, na wanahistoria wamemtambua kuwa ni Sewa Haji.

Kwa maelezo ya Stanley, kijana alimwahidi wapagazi kwa kima fulani cha vitambaa kwa kila mtu, kisha akawalipa wapagazi pungufu na kubaki na tofauti. Hesabu yake ya mwisho ilikuja na nyongeza nyingi, na baada ya mabishano na ukaguzi ikapunguzwa sana. Stanley alimwandika kwa hasira kubwa. Tukumbuke lakini kwamba ni upande mmoja tu ulioandika kitabu. Sewa Haji hakuandika, na Stanley hakuwa mtu wa kuwasifu wenzake. Jambo lisilo na shaka ni kwamba wapagazi walipatikana, na Machi mwaka huo msafara wa mwisho wa Stanley uliondoka Bagamoyo.

Kwa msomaji wetu la muhimu ni hali ya mnunuzi. Stanley alikuwa na pesa isiyo yake, haraka iliyoonekana usoni, na hakuwa na duka la pili la kulinganisha bei. Pamoja na hayo, kila alichohitaji, vitambaa, shanga, waya, kamba na watu, alikielekezwa kwenye milango ile ile michache. Mtu aliyekwishaweka mzigo wake dukani mwako hataki tena kuanza upya kwa jirani. Maduka makubwa ya leo yanayouza kila kitu chini ya paa moja yanategemea uchovu huo huo. Yanaweka maziwa na mkate mwisho kabisa wa ukumbi ili upite mbele ya vitu vingine vyote, na peremende karibu na keshia ili mtoto alie wakati umeshatoa pochi.

Mkopo unaofunga

Kadiri miaka ilivyokwenda, Sewa Haji alipanda kutoka mwenye duka hadi kuwa tajiri wa misafara. Aliwapa wafanyabiashara wa bara bidhaa kwa mkopo, nao walimlipa kwa pembe waliporudi. Aliwapatia wapagazi wasafiri wa Ulaya, wamisionari na, baada ya Wajerumani kuishika pwani mwishoni mwa miaka ya 1880, serikali yao pia. Kwa msafara mkubwa ulioondoka Bagamoyo ilikuwa vigumu kumkwepa.

Mkopo ndio mbinu yenye nguvu kupita zote tulizozitaja, kwa sababu unaondoa uchungu wa kulipa. Mtu anayehesabu fedha taslimu mkononi huumia kila noti inapotoka. Mtu anayeandikwa kwenye daftari haumii leo. Anachukua doti tano badala ya tatu, kwa kuwa maumivu yameahirishwa hadi safari itakaporudi. Na bei ya mkopo huwa juu ya bei ya taslimu, ila mkopaji haiulizi sana, akiona amefanyiwa hisani.

Zaidi ya hayo, mkopo humfunga mteja. Msafiri aliyekuwa na deni Bagamoyo asingeweza kupeleka pembe zake kwa mnunuzi mwingine. Alirudi kwa tajiri wake, na tajiri ndiye aliyepima uzito na kutaja bei. Hivyo faida ilipatikana mara mbili, bidhaa zilipotoka na pembe zilipoingia. Aliyepata hasara, mgonjwa njiani au msafara ulioshambuliwa, alirudi na deni kubwa kuliko alivyoondoka.

Jina lililobaki

Hapa maisha ya Sewa Haji yanachukua mkondo ambao wengi hawautarajii. Katika miaka ya 1890 alianza kutoa mali yake. Bagamoyo alijenga jengo la shule la ghorofa akalikabidhi kwa serikali ya Kijerumani kwa sharti kwamba lipokee watoto bila kubagua rangi. Dar es Salaam alitoa rupia zaidi ya 12,000 kwa ajili ya hospitali ya Waafrika na Wahindi, wakati tiba nzuri ilikuwa kwa ajili ya Wazungu. Alifariki Februari 1897 akiwa na umri wa miaka 46, na katika wosia wake aliiachia serikali majumba na viwanja ili mapato yake yawahudumie wagonjwa, wakiwemo wenye ukoma.

Biashara yake ya misafara ilichukuliwa na Allidina Visram, mzaliwa wa Kutch aliyefika pwani akiwa mtoto na kuanzia kazi kwa Sewa Haji pale Bagamoyo. Allidina aliifuata reli ya Uganda kama mwenzake alivyoifuata njia ya misafara, akafungua maduka kandokando yake hadi Kampala na Jinja, na alipofariki mwaka 1916 alikuwa mmoja wa matajiri wakubwa wa Afrika Mashariki. Hospitali ya Sewa Haji nayo iliendelea kutibu watu wa Dar es Salaam hadi miaka ya 1950, ilipofunguliwa Princess Margaret, ambayo sasa ni Muhimbili. Jina likahamia huko.

Je, alitoa kwa sababu ya imani, kwa huruma, au kwa hesabu ya mfanyabiashara anayejua thamani ya jina jema mbele ya watawala? Huenda yote yalikuwepo. Anayeuza kwa watu walewale kila mwaka hujifunza kwamba wakimwona ni mnyonyaji watatafuta njia ya kumkwepa, na wakimwona ni mwenzao watarudi. Wema wake uliwafikia watu ambao baba zao walibeba mizigo yake, na huo si mzaha mbele ya mtu aliyepona.

Bagamoyo ya leo ni msimu wa korosho

Sasa turudi Mtwara. Misafara ilikwisha zamani, lakini hali ya mpagazi aliyelipwa Bagamoyo tunaiona kila mwaka kuanzia Oktoba, minada ya korosho inapofunguliwa chini ya vyama vikuu kama MAMCU na TANECU. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze mkoani humu mwaka 2007, mkulima hupeleka korosho kwenye chama chake cha msingi, korosho huuzwa mnadani, na malipo yanakuja kwa mafungu makubwa. Mtu aliyekaa miezi mingi akinunua mafuta ya kupikia kwa kipimo cha kikombe anakutana na mamilioni kwenye akaunti kwa siku moja.

Siku hiyo hayuko peke yake. Wafanyabiashara nao wanaijua tarehe. Magari ya magodoro, sofa, redio, mabati na nguo yanaingia Tandahimba, Newala na Nanyamba. Wauza simu na pikipiki wanapiga muziki nje ya benki. Wamesimama pale pesa inapopita, kama alivyosimama Sewa Haji. Hilo si kosa. Mkulima anahitaji bidhaa, na kuzileta mlangoni ni huduma. Kosa ni kuingia sokoni bila kujua kwamba moyo wako umeshafunguliwa mkono kabla hujaulizwa bei.

Watu wa Msimbati, Madimba na vijiji vingine vya Mnazi Bay walionja jambo la namna hiyo kwa upande mwingine pia. Gesi iliyogunduliwa hapo mwaka 1982 ilipoanza kuvutia makampuni na wageni katika miaka ya 2010, kodi za nyumba na bei za viwanja mjini Mtwara zilipanda kwa matumaini. Wengi walinunua na kujenga kwa kufuata matumaini hayo. Bomba la kwenda Dar es Salaam lilipokamilika mwaka 2015 na wafanyakazi wa ujenzi kuondoka, baadhi ya vyumba vilikosa wapangaji. Haraka ya kuogopa kuachwa nyuma ni ile ile ya Stanley mbele ya masika.

Na mkopo wa Bagamoyo una mdogo wake kusini: kangomba. Mkulima mwenye shida ya ada, msiba au njaa anachukua fedha kabla ya msimu na kuahidi korosho kwa kipimo kisicho rasmi, ambacho kwa kawaida huzidi kilo moja, kwa bei ya chini mno. Serikali imeipiga marufuku mara nyingi, lakini inarudi kwa sababu inamkuta mtu wakati hana pa kwenda. Mkopeshaji anapata faida mara mbili, kama tajiri wa pembe, na mkulima anakuwa ameuza mavuno yake kabla hajayaona.

La kufanya kwa mkulima

Kwanza, panga matumizi kabla pesa haijaingia. Kaa na mwenzi wako mwezi wa Septemba, andikeni ada, viuatilifu vya msimu ujao, chakula cha kufikisha mavuno, kisha ndipo vitu vya nyumbani. Orodha iliyoandikwa na watu wawili ni ngumu kuvunjwa na muziki wa spika.

Pili, jipe siku saba. Kitu chochote kikubwa ambacho hakikuwa kwenye orodha, usikinunue siku uliyolipwa. Ukiambiwa bei ni ya leo tu, jua kwamba masika yanatengenezwa mbele yako. Muuzaji wa kweli atakuwepo wiki ijayo.

Tatu, kwa kila kitu cha mkopo, zidisha. Simu inayolipiwa shilingi 1,500 kwa siku inaonekana ni bei ya soda na andazi. Kwa siku 365 ni shilingi 547,500. Uliza bei yake taslimu, kisha linganisha. Vivyo hivyo bei ya 9,900 ni 10,000, ingawa jicho limeona tisa.

Nne, kama unalazimika kukopa kabla ya msimu, anzia kwenye chama cha kuweka na kukopa au kikundi cha hisa kijijini, ambako riba inajulikana na inarudi kwa wanachama. Kikundi kinachoanza kuweka akiba baada ya mauzo ndicho kinachoweza kumwokoa mwenzao na kangomba mwezi wa Julai.

La kufanya kwa mfanyabiashara

Wewe mwenye genge au kibanda, usione haya kutumia akili ya Sewa Haji. Jua tarehe za malipo katika eneo lako, na agiza bidhaa mapema. Pita vijijini uulize watu wanapenda rangi gani, saizi gani, ujazo gani. Mvuvi wa Mnazi Bay anayepata kidogo kila siku anataka sabuni ya kipande na sukari ya robo, na mkulima wa korosho anataka gunia mara moja kwa mwaka. Panga vitu vinavyokwenda pamoja mahali pamoja: nyavu na kamba, chai na sukari, daftari na kalamu. Ongeza kitu kidogo kwa mteja wa kudumu, hata kama ni nyanya moja. Nyongeza hiyo hukumbukwa kuliko punguzo la bei.

Lakini weka mpaka. Mteja uliyemuuzia godoro bovu siku ya malipo amekulipa mara moja tu. Msimu ujao atashuka kwenye gari mbele ya duka la jirani yako, na ataeleza habari zako njia nzima. Duka la kijijini haliishi kwa wapita njia. Linaishi kwa watu mia mbili wanaorudi. Mkopo utoe kwa mtu unayemjua, kwa kiasi anachoweza kulipa hata korosho zikishuka bei, na uandike mbele yake, kila mmoja akiwa na nakala. Mali bila daftari hupotea bila habari, na deni bila daftari hupotea pamoja na urafiki.

Hesabu zenye nyongeza zilimpa Sewa Haji sifa mbaya katika kitabu cha Stanley, kitabu kilichosomwa Ulaya na Marekani. Hospitali ilimpa sifa nyingine midomoni mwa watu wa nchi hii. Stanley aliondoka na hasira yake, na hapa nchini wanaoikumbuka ni wachache. Wagonjwa waliendelea kulitaja jina la mwenye duka yule zaidi ya miaka mia moja baada ya kifo chake, bila hata kujua kwamba aliwahi kuuza shanga.